Matope ya Watarase

Zamani wakulima wa bonde la Watarase walikuwa wakiyangojea mafuriko. Mto huo unashuka kutoka milima ya Ashio, kaskazini mwa Tokyo, unapita katika nchi tambarare ya mikoa ya Tochigi na Gunma, kisha unaingia katika mto mkubwa wa Tone. Kila baada ya miaka michache ulifurika, ukaondoka na mavuno ya msimu mmoja, halafu ukarudi kwenye kingo zake na kuacha mashambani tope laini lililosombwa kutoka misitu ya juu. Misimu iliyofuata mpunga na shayiri vilistawi bila mkulima kuhangaika na mbolea. Mtoni kulikuwa na samaki, hasa ayu, samaki mdogo ambaye Wajapani humpenda akiwa amechomwa kwa chumvi, na ziko familia zilizoishi kwa nyavu tu.

Naanza na tope hilo kwa kusudi. Wakulima hawa walipokuja kuandamana, kushtaki na kupigwa, serikali iliwaambia mara nyingi kwamba tatizo lao ni maji. Maji waliyajua tangu enzi za babu zao. Walichokuwa wakililia ni kile kilichomo ndani ya maji.

Shaba ya Ashio ilianza kuchimbwa mwaka 1610, ikaendelea kuchimbwa chini ya utawala wa Tokugawa mpaka mgodi ukaonekana umekwisha. Mwaka 1877 ulinunuliwa na Furukawa Ichibei, mtoto wa muuza tofu wa Kyoto aliyejifunza biashara kwenye hariri. Miaka ya kwanza alikula hasara. Mwaka 1881, na tena 1884, wachimbaji wake wakakutana na mikanda minono ya mawe ya shaba, na kwa muda mfupi Ashio ikawa mgodi mkubwa wa shaba kuliko yote nchini Japani. Nchi ilikuwa mbioni kujenga reli, viwanda na manowari, na fedha za kigeni zilitegemea bidhaa kama hariri na shaba. Mwaka 1888 Furukawa alifunga mkataba wa kuiuzia shaba kampuni ya Kiingereza ya Jardine Matheson. Mwaka 1890 mitambo yake ikaanza kuendeshwa kwa umeme wa maji, jambo lililokuwa geni kabisa Japani wakati huo.

Mawe ya Ashio yana shaba iliyoshikamana na salfa. Ili kuipata shaba, mawe husagwa, huoshwa, kisha makinikia huchomwa kwenye matanuri. Salfa hupanda na moshi, na mabaki hutupwa. Hapa yalitupwa bondeni, kando ya mto kabisa, na kila mvua ikayasomba. Moshi uliikausha misitu ya mlimani, na miti iliyosalimika ikakatwa kwa ajili ya nguzo za mashimo na mkaa wa matanuri. Kijiji cha Matsuki, jirani na matanuri hayo, kilipoteza miforosadi ya kulishia viwavi wa hariri, kikapoteza mazao, mwishowe kikapoteza watu. Kufikia mwaka 1902 kilikuwa kimehamwa. Milima ilipobaki uchi, udongo haukuwa tena na mizizi ya kuushika. Uliporomoka pamoja na mabaki ya mgodi, ukajaa kwenye sakafu ya mto, ukaipandisha. Mafuriko yakawa ya mara kwa mara, na yaliyobebwa humo hayakuwa tena mboji ya msituni.

Mnamo 1885 samaki walionekana wakielea kwa wingi, wamekufa. Agosti 1890 mto ukafurika vibaya, na mashamba yaliyofunikwa na tope safari hii yakanyauka. Wanakijiji hawakukimbilia marungu. Walichota udongo wao wenyewe, wakaupeleka kwa Kozai Yoshinao, mwalimu wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Kifalme, Tokyo, aupime. Jibu lilirudi kwamba udongo una shaba na chanzo chake ni mgodi. Tangu hapo, miaka zaidi ya ishirini iliyofuata, hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba watu wa Watarase walikuwa wanabahatisha.

Mbunge wao alikuwa Tanaka Shozo, mzaliwa wa 1841, mtoto wa jumbe wa kijiji cha Konaka. Naye aliwahi kuwa jumbe ujanani, akapambana na maofisa wa bwana wa eneo lake juu ya dhuluma za kodi na utawala, akafungwa katika kizimba ambacho mtu mzima hawezi kunyoosha mwili. Baadaye, akiwa mtumishi wa serikali mpya iliyofuata utawala wa Tokugawa, kaskazini mwa nchi, alisingiziwa mauaji, akakaa ndani hadi 1874 alipothibitika hana hatia. Mtu wa namna hiyo, serikali inapomwambia asubiri uchunguzi, anajua kusubiri maana yake nini.

Desemba 1891 Tanaka alisimama bungeni na swali fupi. Katiba inalinda mali ya raia. Sheria ya madini inaipa serikali uwezo wa kusimamisha mgodi unaodhuru umma. Mbona sheria hiyo haitumiki Ashio? Waziri wa Kilimo na Biashara alikuwa Mutsu Munemitsu, na mtoto wa pili wa Mutsu, Junkichi, alikuwa amechukuliwa na Furukawa awe mwanawe na mrithi wake. Jibu la wizara likawa kwamba chanzo cha madhara bado hakijathibitika, na kwamba mwenye mgodi yuko njiani kuagiza mashine za kunasa vumbi la madini kutoka nje.

Ndipo zilipoanza kuzunguka vijijini hati za mapatano. Kuanzia 1892, kwa kupitia wakubwa wa mikoa na wapatanishi, mgodi ulilipa kila familia kiasi kidogo cha fedha, na familia ikagonga muhuri wake kukubali kunyamaza hadi Juni 1896 wakati mashine zikijaribiwa. Hati nyingine zilizofuata zilitaka ukimya wa milele. Ni rahisi kwetu leo kuwalaumu waliogonga muhuri. Lakini mtu ambaye shamba lake limekufa misimu miwili, na mkusanya kodi bado anabisha hodi, hana nafasi kubwa ya kuchagua.

Mto wenyewe ndio uliozitangua hati hizo. Mwaka 1896 ulifurika Julai, Agosti na tena Septemba, na safari hii tope la Ashio lilienea mikoa kadhaa hadi karibu na mji mkuu. Mwezi Oktoba watu wa vijiji vilivyoathirika walifungua ofisi ya pamoja katika hekalu la Unryuji, karibu na Tatebayashi. Ni hekalu dogo la Kibuddha, kando ya Watarase yenyewe. Humo ziliandikwa risala, yakahesabiwa mashamba yaliyoharibika kijiji kwa kijiji, wakapangwa wajumbe. Ombi lao sasa lilikuwa moja: mgodi ufungwe.

Machi 1897 walitembea kwa miguu kwenda Tokyo, mara mbili. Safari hizi waliziita oshidashi, kusukuma nje, na sijui jina lingine linalofaa zaidi kwa umati wa wakulima wenye makoti ya majani makavu na kofia za ukindu wanaosonga usiku kucha huku polisi wakiwafungia vivuko. Mara ya kwanza waliondoka watu kama 2,000. Waliofika mbele ya wizara walikuwa mamia. Mwezi huohuo waziri wa Kilimo na Biashara wa wakati huo, Enomoto Takeaki, alikubali kwenda kuyaona mashamba kwa macho yake. Aliporudi, kamati ya uchunguzi iliundwa siku ya pili, na baada ya siku chache yeye mwenyewe akajiuzulu. Katika historia nzima hii ni kati ya mara chache ambapo mtu mwenye cheo alikwenda, akaona, na alichokiona kikamgharimu kitu.

Mei mwaka huo mgodi uliamriwa, katika vipengele 37, kujenga mabwawa ya kutuamisha mabaki na minara ya kusafisha moshi, kwa muda mfupi, ukishindwa ufungwe. Furukawa alijenga kwa kasi ya ajabu na amri ikahesabiwa imetekelezwa. Minara ya moshi haikufua dafu. Ufundi wa kuondoa salfa kwenye moshi ulikuja kufanikiwa Ashio miaka ya 1950. Septemba 1898 mvua kubwa ilibomoa bwawa la mabaki, na yaliyokuwa yamehifadhiwa yakashuka mtoni kwa mkupuo.

Serikali ilitoa pia msamaha wa kodi kwa mashamba yaliyokufa. Unasikika kama huruma. Ila siku zile haki ya kupiga kura ilikuwa ya mwanamume anayelipa kodi ya yeni 15 kwa mwaka. Aliyesamehewa kodi alitoka kwenye daftari la wapiga kura, na vijiji vikakosa mapato ya kuendesha shughuli zake. Watu walioharibiwa mashamba wakapokonywa na sauti, kwa karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya upole.

Baada ya bwawa kubomoka, watu wapatao 10,000 walianza safari ya tatu. Tanaka aliwakuta Hokima, nje kidogo ya Tokyo. Chama chake ndicho kilichokuwa madarakani wakati huo, na aliwasihi warudi: waache wajumbe 50, waipe nafasi serikali hii ambayo ni yao, na isipotenda yeye mwenyewe atakuwa mbele yao. Wakarudi. Serikali ile haikufika mwisho wa mwaka. Nadhani deni la siku ile halikumtoka Tanaka moyoni. Mengi aliyoyafanya baadaye husomeka kama mtu anayelipa.

Safari ya nne ilikuwa tarehe 13 Februari 1900. Usiku wa kuamkia siku hiyo kengele za mahekalu zilipigwa, na asubuhi zaidi ya watu 2,500 walitoka Unryuji. Kwa kuwa walijua polisi wangewafungia kivuko cha Tone, walibeba mashua zao juu ya mikokoteni. Hawakufika majini. Karibu na Kawamata, kabla ya ukingo wa mto, polisi walikuwa wamejipanga, wakawavamia, wakawapiga, wakawasukumia kwenye majaruba na mitaro. Watu kumi na tano walikamatwa palepale. Siku zilizofuata idadi ikafika mia hivi, na 51 wakapelekwa mahakamani kwa kosa la kufanya ghasia. Mashua za wakulima zilibaki nchi kavu.

Tanaka alikuwa bungeni Tokyo. Siku nne baadaye aliwasilisha swali lake linalokumbukwa kuliko yote, akiiuliza serikali kama inajua kwamba nchi inaangamia, na kwamba kutojua huko ndiko kuangamia kwenyewe. Waziri Mkuu Yamagata Aritomo alijibu kwamba maana ya swali haieleweki, kwa hiyo halijibu.

Kesi ilizunguka kutoka Maebashi hadi Tokyo, na mwisho Sendai, ambako Desemba 1902 ilifutwa kwa kasoro ya kisheria: hati ya mwendesha mashtaka haikuwa ya mkono wake. Hakuna mahakama iliyokuja kusema kama wakulima walikuwa na haki ya kutembea kwenda kwenye mji mkuu wa nchi yao. Tanaka aliyehudhuria kule Maebashi alipiga mwayo mkubwa mwendesha mashtaka akihutubia, akashtakiwa kwa kumdharau ofisa wa serikali, akafungwa siku zipatazo arobaini. Ndani ya kifungo hicho alisoma Agano Jipya, na lilikaa naye mpaka kufa.

Oktoba 1901 alikuwa amejiuzulu ubunge. Tarehe 10 Desemba, Mfalme Meiji akirejea kutoka kufungua bunge, mzee wa karibu miaka sitini, amevaa vazi rasmi jeusi, alichomoka kwenye umati eneo la Hibiya akiwa ameinua karatasi na kuomba kwa sauti isikilizwe. Kumpelekea mfalme ombi mkono kwa mkono lilikuwa jambo ambalo zamani mtu aliliendea akiwa ameshaaga nyumbani. Askari mmoja aligeuza farasi kumzuia, akaanguka na farasi wake. Tanaka naye akajikwaa. Gari la mfalme likapita. Walimshikilia hadi jioni wakamwachia, kwa hesabu kwamba ni mzee aliyechanganyikiwa. Kumshtaki kungeipa karatasi ile mahakama ya kuisomea.

Maneno ya karatasi hiyo yaliandikwa na mwandishi wa habari Kotoku Shusui kwa ombi la Tanaka. Lakini Tanaka hakuridhika na kila neno. Palipotiwa chumvi alikata, palipopungua akaongeza, na juu ya kila sahihisho akagonga muhuri wake, kama mkulima anavyofanya kwenye hati ya shamba, ili mtu asije kusema imeghushiwa.

Magazeti yaliichapisha, na kwa majuma kadhaa Tokyo haikuzungumza jingine. Wanawake wa Kikristo walikuwa tayari wameanzisha chama cha kuwasaidia waathirika. Kwenye mkutano mmoja ukumbini Hongo, kijana mwanafunzi Kawakami Hajime, ambaye baadaye angekuwa mchumi mashuhuri, alivua koti lake la baridi na shali yake akavitoa palepale, kisha kesho yake akapeleka nguo nyingine alizokuwa nazo. Mwishoni mwa Desemba wanafunzi mia nane hivi walikwenda kuyaona mashamba. Mamlaka zikapiga marufuku safari nyingine za aina hiyo.

Serikali ikaunda kamati ya pili, na hapa ndipo lilipofanyika jambo ambalo mimi naliona kuwa kiini cha historia hii. Ripoti ya 1903 ilisema shaba iliyomo udongoni kwa sehemu kubwa ni ya kabla ya amri ya 1897, na kwamba linalohitajika sasa ni kudhibiti mafuriko: lichimbwe bwawa kubwa la kupokea maji pale Watarase inapokaribia Tone. Sumu ikawa maji. Mgodi ukatoka kwenye swali, na kijiji kikaingia.

Kwanza maofisa walitazama vijiji vya upande wa mkoa wa Saitama. Wanakijiji wakatangaza kwamba tuta lao watalijenga wenyewe, na kwamba serikali isiyowajengea tuta isitarajie kodi wala vijana wa jeshi kutoka kwao. Mpango ukahamishiwa Yanaka, Tochigi, kijiji cha kaya kama 450 na watu wapatao 2,700. Tuta la Yanaka lilibomoka 1902 na mkoa haukulitengeneza. Usiku wa tarehe 10 Desemba 1904 baraza la mkoa lilipitisha, katika kikao cha siri, fedha za kukinunua kijiji, zikiwa zimefichwa ndani ya fungu la ukarabati wa maafa. Tanaka alikuwa tayari amehamia Yanaka tangu Julai. Mbunge wa zamani, spika wa zamani wa baraza la mkoa, alikuwa akilala nyumba za watu na kuandika maombi yao ya kisheria.

Nyumba moja moja ziliuzwa. Julai 1906 jina la kijiji lilifutwa kwenye orodha ya serikali. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Hara Takashi, ambaye muda mfupi kabla ya kuteuliwa alikuwa makamu mkuu wa kampuni ya madini ya Furukawa. Kwa sheria ya kutwaa ardhi, kati ya tarehe 29 Juni na 5 Julai 1907 polisi na vibarua walibomoa nyumba 16 za mwisho zilizokuwa ndani ya tuta. Walikwenda nyumba kwa nyumba kwa siku saba. Mvua ilikuwa ya msimu wake. Wenye nyumba walikusanya mbao na matete, wakajenga vibanda juu ya misingi ileile, wakakaa. Agosti mafuriko yakawapitia, wakakaa. Wengine waliendelea kuishi humo karibu miaka kumi zaidi. Mwaka 1911 familia 66 kutoka maeneo hayo zilipelekwa Hokkaido, mahali penye baridi kali paitwapo Saroma, wakakiita kitongoji chao Tochigi.

Miaka yake ya mwisho Tanaka aliacha kudai tu, akaanza kujifunza. Alitembea kingo za mito ya eneo zima akipima jinsi maji yanavyokwenda, akiuliza wazee mafuriko ya mwaka fulani yalifika wapi. Alifia nyumbani kwa mkulima tarehe 4 Septemba 1913, akiwa safarini. Begi lake lilikuwa na Agano Jipya, Injili ya Mathayo aliyoishona pamoja na Katiba ya Japani, shajara, rasimu juu ya mito, karatasi za kufutia pua, na vijiwe vitatu. Nyumba na mashamba ya urithi alikuwa ameshavitoa. Maelfu kwa maelfu walimzika, na vijiji viligombea mifupa yake hata ikagawanywa.

Mgodi uliendelea. Mwezi Mei 1958 rundo la mabaki mahali paitwapo Gengorozawa liliporomoka mtoni na kuharibu majaruba ya Morita, Gunma, na wajukuu wa waandamanaji wakaanza tena kuandika risala. Mwaka 1971 mpunga wa huko ulikutwa na kadmiamu. Mgodi ulifungwa 1973, kwa kuwa shaba haikulipa tena. Mei 1974, mbele ya kamati ya kitaifa ya kusuluhisha migogoro ya uchafuzi, kampuni ilikubali kuwalipa wakulima 971 jumla ya yeni bilioni 1.55, na kwa mara ya kwanza ikakubali kwamba madhara ni yake. Kozai alikuwa ameshalijibu swali hilo zaidi ya miaka themanini nyuma. Tetemeko la Machi 2011 lilipoitikisa Gengorozawa, mabaki yaliporomoka tena, na majini ikapimwa risasi kupita kiwango.

Bwawa lililoimeza Yanaka leo ni ardhi oevu yenye matete na ndege wengi, na tangu 2012 imo katika orodha ya Ramsar. Ziwa lililochimbwa ndani yake lina umbo la moyo, na watalii hulipiga picha. Wabuni hawakukusudia kuchora moyo: miaka ya 1970 watu wenye asili ya Yanaka walisimama mbele ya matingatinga wasiruhusu makaburi na misingi ya nyumba kuchimbwa, ikabidi ziwa likunje ukingo wake na kukipitia kijiji pembeni.

Mei 2014 Mfalme Akihito, kitukuu cha Meiji, alifika mji wa Sano, Tochigi, na mkewe. Katika jumba la makumbusho la mji huo waliwekewa karatasi ya tarehe 10 Desemba 1901, na mihuri ya Tanaka ikiwa bado juu ya masahihisho, mmoja baada ya mwingine. Wakaisoma.